Nani Anayelipia Chumba Kilichoongezwa? Herio, Jumba la Lamu na Nyumba ya Bloku ya Waberi

Katika Waberi, moja ya wadi nne za eneobunge la Garissa Township, nyumba haiishi kujengwa. Familia huanza na vyumba viwili vya bloku chini ya paa la mabati. Kijana akioa, chumba kinaongezwa upande wa uani. Jamaa wakihamia mjini baada ya ukame kuwamalizia mifugo, veranda inazibwa ukuta na kuwa chumba cha kulala. Upande unaotazama barabara unabomolewa na kuwa duka. Jiko lililokuwa nje kwenye kivuli linaingizwa ndani. Mabadiliko yote haya yana sababu njema: ndoa, undugu, riziki. Lakini yana gharama ambayo haimo katika makadirio ya fundi. Inajitokeza baadaye kwenye mita ya stima, na hulipwa tokeni baada ya tokeni.

Uhakiki huu unalinganisha mila tatu za kujenga na kurekebisha nyumba katika nchi za joto: herio ya wafugaji wa Kisomali, jumba la mawe la Lamu, na nyumba za Ghuba, hasa Omani, ambako Waswahili wengi wana jamaa. Mila zote tatu zilizoea kuongeza, kupunguza na kugeuza nyumba. Swali langu ni kwa nini marekebisho yao yalileta kivuli na pepo, ilhali ya kwetu leo yanaleta feni. Jibu ninalolitetea ni hili: zamani mkono uliorekebisha nyumba ulikuwa wa mtu atakayeishi na joto lake, na sasa mkono huo umetengwa naye.

Jua, bati na bloku

Tuanze na hali ya mahali. Mji wa Garissa uko kando ya Mto Tana, karibu nusu nyuzi kusini mwa ikweta, kwenye mwinuko wa mita kama 150 tu. Kwa kuwa uko hapo, jua la adhuhuri halipotoki zaidi ya nyuzi 24 kutoka utosini, mwezi wowote wa mwaka. Kwa hiyo kinachoumia kwanza ni paa. Zinafuata kuta za mashariki na magharibi, ambazo jua la asubuhi na la alasiri huzipiga likiwa chini. Kuta za kaskazini na kusini hukingwa na upenu wa kawaida tu.

Bati jipya hurudisha mwanga mwingi wa jua, lakini joto linalobaki ndani yake hulitoa kwa shida, ndiyo maana halishikiki mchana. Likiingia kutu, au likipakwa rangi nzito kama maruni na kijivu cheusi kwa kufuata mtindo, hunywa jua zaidi. Pasipo silingi, joto hilo hushuka moja kwa moja kwenye vichwa vya watu. Bloku za saruji zina mwendo wa polepole. Hunywa joto kutwa nzima, kisha huanza kulitoa baada ya magharibi, saa ambazo watu wanatafuta usingizi. Machi, wakati joto la mchana linapita nyuzi 35 mara kwa mara, chumba cha bloku kisichopitisha hewa huwa na joto zaidi usiku kuliko uwanja ulio nje yake.

Sasa tufanye hesabu. Feni ya wati 60 ikizunguka saa 10 kila usiku hutumia yuniti 18 kwa mwezi. Katika mpango wa bei ulioanza 2023, mteja wa nyumbani anayetumia yuniti zisizozidi 30 kwa mwezi yuko katika daraja la bei nafuu kabisa, na daraja linalofuata linaishia yuniti 100. Feni mbili ni yuniti 36. Familia iliyoziba veranda ikapata chumba cha pili kisicho na hewa imeshavuka daraja kabla ya kuwasha taa wala friji. Kiyoyozi kidogo cha wati 1,000, mashine yake ikifanya kazi jumla ya saa 6 kwa siku, kinafika yuniti 180. Anayekifunga hulipa yuniti zaidi, na kila yuniti kwa bei ya juu zaidi.

Jambo hili halibaki la nyumba moja. Mwaka 2019 kituo cha umeme wa jua cha megawati 50 kilizinduliwa nje ya mji wa Garissa, nacho huingiza stima kwenye gridi ya taifa. Ni fahari ya kaunti, na ni haki kujivunia. Ila paneli hazizalishi jua likishatua, na ndiyo saa bloku zinapoanza kumwaga joto na nchi nzima inapotumia stima kwa wingi. Wajir na Mandera, ambako miji imetegemea jenereta za dizeli kwa miaka mingi, feni ya usiku huchoma mafuta yaliyosafirishwa kwa lori mamia ya kilomita.

Herio: nyumba inayorekebishwa kila siku

Aqal ya wafugaji, ambayo wengi Garissa huiita herio, huonekana kwa mgeni kama kibanda cha muda. Ukweli ni kwamba ni nyumba iliyofikiriwa sana. Mifupa yake ni fito na mizizi iliyopindwa kuwa matao, ikafungwa kwa kamba. Juu yake hutandazwa mikeka ya nyuzi iliyosukwa na wanawake kwa miezi. Kuba lake halina upande mpana wa kulikabili jua lote kwa pamoja, kwa hiyo saa nyingi za siku sehemu yake moja huwa kwenye kivuli cha nyingine. Mikeka hupitisha hewa. Upepo ukivuma, mkeka wa upande huo huinuliwa sehemu ya chini. Mvua ikija, hushushwa na ngozi au turubai huongezwa juu. Inapofika siku ya kuhama, nyumba yote hupakiwa juu ya ngamia.

Herio basi ni nyumba ambayo kurekebishwa ndiyo kazi yake ya kila siku. Hakuna badiliko linalodumu kiasi cha kuwa kosa la kudumu: mlango ukikosewa leo, kesho hugeuzwa. La muhimu zaidi ni nani anayegeuza. Mwanamke ndiye anayesuka, anayejenga na anayebomoa, na nyumba ni yake. Labelle Prussin, katika kitabu chake cha mwaka 1995 kuhusu usanifu wa wahamaji wa Afrika, aliliweka jambo hili katikati ya hoja yake: miongoni mwa jamii za wafugaji, ujenzi ni elimu ya wanawake, hurithishwa kwa binti na hufungamana na ndoa. Anayepika humo, anayenyonyesha humo adhuhuri, anayelala na watoto humo, ndiye fundi mkuu. Joto likimsumbua hahitaji kuomba ruhusa. Anainua mkeka.

Lakini tusiipambe herio kupita kiasi. Dadaab, tangu kambi zilipoanza mwaka 1991, familia nyingi zilijenga matao yaleyale kisha zikayafunika kwa plastiki na vitambaa kwa kuwa mikeka haikupatikana. Umbo lilibaki, hewa ikakatika. Plastiki haipumui, na chini yake mchana ni wa mateso. Hilo linatufundisha kwamba ubaridi wa herio hautokani na kuba peke yake. Unatokana na kuba, mkeka na mkono wa kuugeuza vikiwa pamoja, na ukiondoa kimojawapo unabakiwa na kibanda cha joto.

Lamu: ongezeko linalowapa wengine kivuli

Mji Mkongwe wa Lamu, uliotangazwa Urithi wa Dunia mwaka 2001, unatoka katika hali tofauti: pwani, unyevunyevu, na watu wasiohama. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe, nene kiasi cha nusu mita, zilizopakwa chokaa. Sakafu za juu hubebwa na boriti za mikoko, na kwa sababu boriti haivuki zaidi ya mita tatu hivi, vyumba ni vyembamba na virefu. Mbele kuna daka lenye mabaraza, na njia ya kuingilia hupinda ili mpita njia asione ndani. Katikati ni kiwanda, yaani ua wa ndani usio na paa, kinachopokea mwanga na kuachia hewa ya moto ipande.

Nyumba hizi nazo ziliongezwa kizazi baada ya kizazi, na sababu yake kubwa ilikuwa ndoa ya binti. Baba mwenye uwezo alimjengea binti makao yake juu ya nyumba ya wazazi au karibu nayo. Palipokosekana nafasi, walivuka njia kwa wikio, yaani chumba kilichojengwa juu ya uchochoro, kikaunganisha nyumba mbili za ukoo mmoja. Tuangalie matokeo. Ghorofa ya binti iliwakinga wazazi wake na jua la utosini. Wikio iliutia uchochoro kivuli, na kila aliyepita chini yake akafaidika, awe wa ukoo au asiwe. Familia iliongeza makao, na mtaa ukapoa.

Lamu pia iliijua kasoro ya ukuta mnene, yaani kwamba joto la mchana hurudi usiku. Dawa yake ilikuwa kuhama ndani ya nyumba. Mchana watu walikaa chini, kwenye vyumba vya ndani vyenye giza na ubaridi. Jioni walipanda juu, chini ya paa la makuti lililo wazi pande zote, wakapata upepo wa kusi au wa kaskazi. Mfugaji aliihamisha nyumba yake nchi nzima. Mlamu alihama ndani ya nyumba yake, kutoka saa hadi saa. Wote wawili waliufuata ubaridi kwa miguu. Leo mjini Garissa tunakaa chumba kimoja saa zote, na tunautaka umeme utuletee hewa pale tulipo.

Ghuba na Uingereza: pesa zinapoingia

Omani inatuonyesha safari hiyo, ya kutoka kuufuata ubaridi hadi kuletewa na umeme, ikifika mbali zaidi. Kabla ya utawala wa Sultani Qaboos ulioanza mwaka 1970, familia nyingi zilikabili kiangazi kwa kuhama. Zilitoka mijini zikaenda kwenye mashamba ya mitende, katika vibanda vya makuti ya mtende vinavyopitisha hewa, au zililala darini. Ng'ambo kidogo, mtaa wa zamani wa Al Fahidi huko Dubai bado una minara ya pepo: minara yenye midomo kila upande, inayoukamata upepo juu na kuushusha chumbani.

Mafuta yalileta saruji, vioo na viyoyozi, na stima ikauzwa kwa ruzuku. Madari yakaachwa. Madirisha yakafungwa, kwa kuwa kiyoyozi hakitaki dirisha wazi. Upya wa nyumba ukapimwa kwa ukubwa wa sebule na wingi wa vioo. Leo katika nchi za Ghuba, kupoza majengo ndiko kunakomeza stima nyingi zaidi wakati wa kiangazi. Nchi yenye mafuta iliweza kuibeba gharama hiyo kwa miaka mingi, na hata huko bei zimeanza kupandishwa. Garissa haina kisima cha mafuta. Hata hivyo, ramani za nyumba zinazoonekana Muscat na Dubai hufika kwetu haraka, kwa simu na kwa jamaa walioko huko: vioo vipana upande wa magharibi, ukuta mrefu wa ua, veranda ya kuonekana isiyokaliwa. Tumeichukua ramani bila ruzuku iliyokuwa chini yake.

Hata nchi ya baridi ina la kutuambia. Uingereza, wenye nyumba wengi waliongeza chumba cha vioo upande wa bustani. Kinadharia chumba hicho hukusanya joto la jua na kupunguza gharama ya kupasha nyumba moto. Kwa vitendo, wengi walikifanya sebule ya mwaka mzima, wakaweka hita humo, na joto likatoroka kupitia vioo. Ongezeko lililotarajiwa kuokoa nishati likageuka njia ya kuipoteza. Funzo lake linaifaa Waberi moja kwa moja: athari ya chumba kilichoongezwa haiamuliwi na ramani peke yake, inaamuliwa na jinsi watu wanavyoishi ndani yake. Veranda iliyokuwa kivuli cha ukuta, ikizibwa na kulaliwa, imeacha kuukinga ukuta na imeanza kudai feni.

Waberi: kilichopotea si herio

Tukiziweka mila hizi pamoja, tofauti kubwa haipo kati ya jadi na usasa. Lamu ilijenga kwa mawe mazito na herio kwa mikeka myepesi, na zote zilifaulu. Tofauti iko katika mambo mawili.

La kwanza ni jirani. Wikio ilimpa jirani kivuli. Chumba kinachoongezwa Waberi mara nyingi humnyang'anya hewa. Ploti ikijazwa hadi mpakani, dirisha la jirani linatazama ukuta. Naye jirani, akishakosa upepo wa upande huo, huongeza chumba chake hadi mpakani kwa kuwa hana tena cha kulinda. Baada ya miaka michache mtaa mzima umejifunga wenyewe, na taa zinawashwa saa sita mchana.

La pili ni mamlaka. Mwanamke wa herio alikuwa fundi na mwenye nyumba. Mjini, ramani huamuliwa na mwenye ploti na fundi wake, na wote wawili huenda wasilale humo. Katika nyumba za kupanga hali ni mbaya zaidi: mwenye nyumba hanunui tokeni, na mpangaji haruhusiwi kugusa paa. Anayeweza kupunguza joto halioni, na anayeliona hawezi kulipunguza. Tunapozungumzia nishati majumbani tunataja paneli, balbu na majiko bora, na vyote vina nafasi yake. Lakini pengo hili la mamlaka ndilo linalofanya makosa yaleyale yarudiwe ploti hadi ploti.

Wapo watakaosema kwamba nyumba hufungwa kwa ajili ya stara, na kwamba stara haijadiliwi. Nakubali kwamba haijadiliwi. Ninachokataa ni kwamba stara lazima iwe moto. Njia ya Lamu iliyopinda ilisitiri bila kuzuia hewa. Mkeka wa herio ulisitiri huku ukipumua. Misri ilikuwa na mashrabiya, madirisha ya wavu wa mbao, ambayo kupitia kwayo mwanamke aliona nje bila kuonekana. Msanifu Hassan Fathy, aliyejenga kijiji cha New Gourna karibu na Luxor miaka ya 1940, aliyatetea. Kioo cheusi kilichofungwa na pazia zito juu yake ni njia moja tu ya kusitiri, na kwa joto la Garissa ndiyo iliyo ghali kuliko zote. Bloku za matundu, ambazo mafundi wengi wanaweza kuzifyatua, hufanya kazi ileile kwa bei ya kawaida.

Mpangilio wa kuongeza chumba

Mila hizi zinapokubaliana, zinatoa mpangilio ulio wazi: kivuli kwanza, hewa ya pili, feni ya tatu, kiyoyozi mwisho. Kwa Waberi, mpangilio huo una maana ya vitendo.

Paa lipakwe rangi nyeupe, kwa sababu nyeupe hurudisha jua na pia hutoa joto kwa urahisi kuliko bati tupu. Chini ya bati pawe na silingi, na juu ya silingi matundu pande mbili za paa ili hewa ya moto itoke. Silingi isiyo na matundu huacha joto lijikusanye juu yake. Chumba kinachoongezwa, kikiwa stoo, bafu au jiko, kiwekwe magharibi, kiyakinge malazi na jua la alasiri. Chumba cha kulala kiwe na nafasi mbili za hewa zinazotazamana au kukabiliana kwa pembe, maana dirisha moja halipitishi upepo. Uchochoro uachwe kati ya nyumba na ukuta wa jirani. Jiko la kuni au makaa libaki nje, mbali na vitanda. Mwarobaini upandwe upande wa magharibi mapema, kabla ya ukuta kupanda. Na veranda, inapowezekana, iachwe veranda.

Hakuna kati ya haya linalohitaji utajiri. Mji wa Ahmedabad nchini India, ulioadhibiwa na joto kali la mwaka 2010, ulitoa mpango wake wa kukabiliana na joto mwaka 2013, na mwaka 2017 ukaanza kupaka paa za mitaa ya walala hoi rangi nyeupe. Shirika la Mahila Housing Trust limekuwa likiwafunza wanawake wa mitaa hiyo namna ya kupunguza joto nyumbani mwao. Kinachonivutia katika mfano huo si rangi. Ni kwamba wanawake walirudishiwa sauti juu ya paa wanalolala chini yake, sauti ambayo mama wa herio hakuwahi kuipoteza.

Garissa inaweza kufanya hivyo kwa njia zake. Ofisi ya kaunti inayopitisha ramani inaweza kudai uchochoro na dirisha la pili kabla ya kugonga muhuri. Mwenye nyumba za kupanga anaweza kumruhusu mpangaji apake paa rangi na kukata gharama hiyo kwenye kodi; wote wawili wangefaidika, kwa kuwa mpangaji asiyeteketeza pesa kwenye tokeni hulipa kodi kwa wakati. Vyuo vya ufundi vinaweza kuwafunza mafundi kulisoma jua kama vinavyowafunza kuchanganya saruji. Na ndani ya familia, kabla ya kuongeza chumba cha kijana anayeoa, mke atakayehamia humo aulizwe mlango uelekee wapi na dirisha litazame upepo upi.

Tutaendelea kuongeza vyumba, kwa sababu tutaendelea kuoa, kuzaa na kuwapokea jamaa. Hilo ni jema, na lilikuwa jema hata Lamu na hata nyikani. Tunachopaswa kukikataa ni desturi mpya ya kuuachia umeme kazi ambayo mkeka, makuti na uchochoro viliifanya bure, kisha bili kuangukia kwa mtu ambaye hakuulizwa. Anayelala chini ya paa apewe neno juu ya paa. Mita itaonyesha tofauti mwezi huohuo.